Kivinjari Kinachokupeleka Usikotaka: Jinsi ya Kukisafisha Kisirudie

Unaandika "bei ya saruji" kwenye Chrome, unabonyeza Enter, na kabla matokeo hayajaja anwani iliyo juu inapepesuka. Jina usilolijua linapita kwa nusu sekunde, linafuata jingine, mwishowe unajikuta Yahoo au Bing ambayo hukuichagua. Unarudisha Google kwenye mipangilio. Kesho yake asubuhi imebadilika tena.

Kosa la wengi ni kuendelea kupigana na kivinjari chenyewe. Pale ndipo ugonjwa unapoonekana tu. Anayebadilisha mipangilio mara nyingi amejificha nje yake: kwenye kazi iliyopangwa (scheduled task) ndani ya Windows, kwenye sera zilizoandikwa kwenye rejista (registry, hifadhi ya mipangilio ya Windows), kwenye njia ya mkato (shortcut) iliyo mezani, pengine hata kwenye ruta. Ukifuta kiendelezi (extension, programu ndogo inayoongezwa kwenye kivinjari), yeye anakirudisha. Kwa hiyo mtafute kwanza anayerudisha, kivinjari kisafishwe mwisho. Anayeanza na kivinjari atasafisha kila wiki.

Na usidanganywe na kule unakoishia. Kutua Bing au Yahoo halisi si ushahidi kwamba hakuna tatizo. Wenye mchezo huu wanapata kamisheni kwa kila utafutaji na kila tangazo lililobofywa kupitia kwao, hivyo wanakupitisha mlangoni kwao ili uhesabiwe, kisha wanakuachia kwenye ukurasa halali usishtuke.

Maelekezo haya ni ya Windows 10 na 11. Majina ya menyu yameachwa kwa Kiingereza kwa sababu ndivyo yanavyosomeka kwenye kompyuta nyingi za nyumbani.

Kwanza jua umeshikwa wapi

Hili linachukua dakika tano na linaokoa mchana mzima. Itoe laptopu kwenye Wi-Fi ya nyumbani, washa hotspot ya simu, iunganishe hapo na ujaribu tena. Tatizo likipotea, na simu nazo zikiwa kwenye Wi-Fi ya nyumbani zinarushwa huku na kule, mgonjwa ni ruta. Ruka moja kwa moja hadi sehemu ya ruta. Tatizo likibaki, fungua kivinjari kingine kwenye kompyuta hiyohiyo. Likiwa kwenye kimoja tu, shuku kiendelezi, sera za kivinjari hicho au njia yake ya mkato. Likiwa kwenye vyote, shuku programu inayoendeshwa chinichini, proksi (kituo ambacho mawasiliano hupitishwa kwanza), faili la hosts (orodha ya Windows ya majina ya tovuti na anwani zake) au DNS (huduma inayogeuza jina la tovuti kuwa anwani ya namba). Likitokea kwenye tovuti moja tu, kwa mfano ile ya kupakua filamu, kompyuta yako ni nzima: ni matangazo ya tovuti hiyo.

Kuna jambo jingine linalofanana na kirusi ilhali si kirusi. Vidirisha vinavyochomoza pembeni chini kulia, vikisema kompyuta ina virusi 5 au umeshinda simu, kwa kawaida ni arifa ambazo mtu wa nyumbani aliziruhusu. Tovuti ilimwambia "bofya Allow kuthibitisha wewe si roboti", naye akabofya. Kwenye Chrome andika chrome://settings/content/notifications, na chini ya orodha ya walioruhusiwa ondoa kila jina usilolitambua. Kwenye Edge tafuta neno "notifications" ndani ya Settings. Kwenye Firefox nenda about:preferences#privacy, kisha Permissions, Notifications. Ikiwa hilo ndilo lililokuwa tatizo pekee, kazi imekwisha.

Usitafute dawa kwa kivinjari kilichotekwa

Mtu mwenye kompyuta iliyotekwa akitafuta "remove virus", matokeo anayoonyeshwa ni ya mtekaji. Pakua zana kwa kutumia simu au kompyuta nyingine, uihamishe kwa waya au flashi, au andika anwani kamili kwa mkono. Zana ya kwanza ni AdwCleaner kutoka malwarebytes.com. Ni ya bure, ni faili dogo, haihitaji kusakinishwa. Programu yoyote inayokuambia imekuta makosa 1,347 na inataka ulipe ndipo iyaondoe, hiyo ni ndugu wa huyo unayemtafuta.

Kabla ya kuanza, zima usawazishaji wa akaunti kwenye kivinjari: kwenye Chrome, Settings, "You and Google", kisha "Turn off". Usipozima, kiendelezi ulichofuta hapa kinaweza kurudi kutoka kwenye akaunti yako, au kikasafiri hadi kwenye kompyuta ya ofisini. Wengi wameshaweka Windows upya, wakaingia kwenye akaunti yao, na dakika hiyohiyo mgeni akarudi.

Kumtafuta anayerudisha

Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika appwiz.cpl, kisha bofya kichwa cha safu ya "Installed On" ili programu zijipange kwa tarehe. Kumbuka siku tatizo lilipoanza, kisha tazama kila kilichoingia siku hiyo na siku iliyotangulia. Wanaokamatwa mara nyingi hapa ni vigeuza-PDF, vipakua-video, "driver updater", VPN za bure na programu za hali ya hewa. Ziondoe, lakini soma kila kitufe. Baadhi huuliza swali kwa kugeuzageuza ili ubofye "Keep". Vyenye majina kama Microsoft Visual C++, Intel au Realtek viache. Tarehe zao hubadilika kila vinaposasishwa, kwa hiyo upya wao si dalili ya chochote.

Sasa kazi zilizopangwa, ambako ndiko wengi hawafiki. Bonyeza Windows na R, andika taskschd.msc, bofya "Task Scheduler Library" upande wa kushoto. Pitia kazi moja baada ya nyingine huku ukisoma kichupo cha Actions. Usitazame jina la kazi, maana jina anaweza kuandika lolote. Tazama inaendesha nini. Mstari wa namna hii ndio unaoutafuta:

powershell.exe -ExecutionPolicy Bypass -WindowStyle Hidden -EncodedCommand JABl...

Usome kipande kwa kipande. Bypass inaiambia PowerShell (zana ya amri ya Windows) ipuuze kizuizi cha kuendesha hati za amri (script). Hidden inaficha dirisha. EncodedCommand ni amri iliyosimbwa ili usiweze kuisoma kwa macho, na mara nyingi huanza na herufi JAB, kwa kuwa hivyo ndivyo alama ya dola inayoanzisha vigeu vya PowerShell, ikifuatwa na herufi, inavyotokea baada ya kusimbwa. Hakuna programu ya kawaida ya nyumbani yenye haja ya kujificha namna hiyo. ChromeLoader, iliyosambaa tangu mwanzoni mwa 2022, ilitumia njia hii hasa: ilikuja ndani ya faili la ISO (nakala ya diski nzima katika faili moja) lililodaiwa kuwa mchezo au programu iliyovunjwa leseni, ikaweka kazi iliyopangwa, na kazi hiyo ikawa inapakia kiendelezi kwenye Chrome kila baada ya muda. Ukiona dirisha jeusi linamulika mara moja na kupotea kila baada ya dakika kadhaa, huenda ni kazi ya aina hii.

Dalili nyingine ni kazi inayoendesha wscript.exe, mshta.exe, au faili la .exe lenye jina lisilo na maana ndani ya AppData au ProgramData. Angalizo: OneDrive, Zoom na Teams nazo zinaweza kukaa AppData kihalali, basi usifute kwa kuangalia folda tu. Ukipata unayemshuku, bofya kulia, chagua Disable, nakili njia ya faili lake, washa kompyuta upya na uitumie saa chache. Mambo yakitulia, futa kazi pamoja na faili. Ukifuta faili ukaacha kazi, utasumbuliwa na ujumbe wa kosa kila unapowasha. Ukifuta kazi ukaacha faili, programu nyingine inaweza kuiunda tena.

Ukimaliza hapo, bonyeza Ctrl, Shift na Esc, fungua "Startup apps" (kwenye Windows 10 ni "Startup") na uzime usivyovitambua.

Sera: pale kitufe cha Remove kinapokosekana

Fungua chrome://extensions. Kiendelezi kisicho na kitufe cha Remove, huku chini ya menyu ya Chrome pakiwa na "Managed by your organization", kimewekwa kwa nguvu kupitia sera. Sera ni nyenzo ya maofisi kusimamia kompyuta zao, na watekaji wameiazima. Ikiwa laptopu ni ya kazini au ya shule, simama hapo hapo umwone mtu wa IT. Baadhi ya programu za kuzuia virusi nazo huweka sera, kwa hiyo soma kwanza: andika chrome://policy, au edge://policy kwenye Edge. Inayotia shaka zaidi ni ExtensionInstallForcelist. Thamani yake huanza na herufi 32 zilizo kati ya a na p. Hicho ndicho kitambulisho cha kiendelezi. Washa "Developer mode" kwenye ukurasa wa viendelezi uone ni kipi chenye kitambulisho hicho.

Kuziondoa, fungua Command Prompt kwa "Run as administrator". Hifadhi nakala kwanza, halafu futa:

reg export "HKLM\SOFTWARE\Policies\Google\Chrome" C:\sera-chrome.reg

reg delete "HKLM\SOFTWARE\Policies\Google\Chrome" /f

Rudia ukiweka HKCU badala ya HKLM na jina jingine la faili la nakala. Kwa Edge, mwisho wa njia ni Policies\Microsoft\Edge. Ukiambiwa ufunguo haupo, songa mbele. Kisha kwenye chrome://policy bofya "Reload policies".

Sera zikirudi baada ya kuwasha upya na kazi zilizopangwa ni safi, tazama C:\Windows\System32\GroupPolicy. Kwenye kompyuta ya nyumbani ambayo hakuna aliyewahi kuipangia sera, faili la Registry.pol ndani ya folda ya Machine halina sababu ya kuzitaja Chrome na Edge. Ihamishe folda nzima ya GroupPolicy mahali pengine, endesha gpupdate /force, kisha futa tena funguo za rejista. Firefox ina njia yake: about:policies hukuonyesha zilizopo, na huweza kukaa kwenye faili policies.json ndani ya folda ya distribution pale Firefox iliposakinishwa.

Njia ya mkato, proksi na faili la hosts

Bofya kulia alama ya kivinjari iliyo mezani, chagua Properties, tazama kisanduku cha Target. Kinapaswa kuishia chrome.exe" na alama ya kufunga nukuu, basi. Kikifuatwa na anwani ya tovuti au maneno --load-extension, futa kila kilicho baada ya nukuu. Alama iliyobandikwa kwenye upau wa chini ni njia ya mkato tofauti: ibandue, kisha ubandike mpya. Mtu akisafisha ya mezani akasahau ya chini, atasema "nimefanya yote na bado".

Proksi iko Settings, Network & internet, Proxy. "Use a proxy server" na "Use setup script" ziwe Off. "Automatically detect settings" iache ilivyo. Ukikuta anwani 127.0.0.1 na namba ya mlango, maana yake kuna programu ndani ya kompyuta yako inayopokea mawasiliano yote kabla hayajatoka. Ukizima na ikajiwasha tena, programu hiyo bado iko hai. Kinyume chake pia hutokea: umeondoa programu lakini proksi imebaki imewashwa, kivinjari kinaleta ERR_PROXY_CONNECTION_FAILED na unadhani umeharibu intaneti. Hujaharibu, zima proksi tu. Kwa uhakika, kwenye Command Prompt andika netsh winhttp show proxy. Jibu zuri ni "Direct access". Vinginevyo, netsh winhttp reset proxy.

Faili la hosts liko C:\Windows\System32\drivers\etc\hosts. Fungua Notepad kama administrator, kisha ulifungulie humo, la sivyo halitakubali kuhifadhiwa. Kwenye Windows isiyoguswa kila mstari wenye maandishi huanza na #. Mstari usio na alama hiyo, hasa wenye jina la google au la kampuni ya kuzuia virusi, uondoe. Shuka hadi chini kabisa: mbinu ya zamani ni kuacha mamia ya mistari mitupu ili faili lionekane limekwisha. Mistari yenye neno docker ni ya watengenezaji programu, haina madhara. Ukimaliza, ipconfig /flushdns.

Skana, na mlango uliofunguliwa kwa ndani

Endesha AdwCleaner, bofya "Scan Now", soma orodha, kisha "Quarantine", naye atawasha kompyuta upya. Baada yake tumia kinga ya Windows yenyewe: Windows Security, Virus & threat protection, Scan options, Microsoft Defender Antivirus offline scan. Kompyuta itajizima na kuskana kwa takriban dakika 15 kabla Windows haijaamka, wakati ambapo mgeni bado hajaanza kujilinda. Hifadhi kazi zako kabla ya kubofya.

Lakini kuna jambo la kuangalia kwanza. Kwenye ukurasa huohuo, Manage settings, shuka hadi Exclusions. Hivi viwezesha-Windows (programu za kufanya Windows isiyolipiwa ionekane halali) na programu zilizovunjwa zinazozunguka mitaani kwenye flashi hukuagiza uzime kinga, na baadhi hujiandikisha zenyewe hapa ili zisiguswe. Ukikuta C:\ nzima, au folda ya ProgramData, imesamehewa, skani zako zote za nyuma zilikuwa bure. Ondoa msamaha, rudia skani. Na ujue ukweli huu: kiwezesha kikibaki, hakuna usafishaji wa kudumu.

Sasa kivinjari

Kazi iliyobaki ni nyepesi. Kwenye Chrome ondoa viendelezi usivyovihitaji, kisha chrome://settings/reset na uthibitishe. Alamisho, historia na nywila zilizohifadhiwa hazifutwi. Viendelezi vinazimwa na vidakuzi (cookies, kumbukumbu zinazokuweka ndani ya tovuti) vinaondoka, kwa hiyo utaingia upya kwenye tovuti zako. Edge ni edge://settings/reset. Firefox ni about:support, kitufe cha "Refresh Firefox", nayo huacha folda ya "Old Firefox Data" mezani endapo utataka kitu cha zamani. Kama nyumbani kuna wasifu wa mama, wa watoto na wa wageni kwenye Chrome hiyohiyo, rudia kwa kila mmoja. Usawazishaji uwashe tu baada ya kufuta kiendelezi kilekile kwenye kila kompyuta yenye akaunti hiyo.

Ruta

Andika ipconfig, tazama Default Gateway, mara nyingi 192.168.1.1 au 192.168.0.1, uifungue kwenye kivinjari. DNS huandikwa sehemu mbili, na watu husahau ya pili: upande wa WAN au Internet, na upande wa DHCP au LAN. Kote weka "automatic", au 1.1.1.1 na 8.8.8.8. Badilisha nywila ya kuingilia ruta ikiwa bado ni admin/admin, zima "Remote management", sasisha programu ya ruta. Wizi huu si mpya: wenye DNSChanger, programu hasidi, walikamatwa Estonia mwaka 2011 katika operesheni ya FBI baada ya kompyuta takriban milioni 4 katika nchi zaidi ya 100 kuelekezwa kwenye seva zao za DNS, na seva za muda zilizowekwa badala yake zilipozimwa tarehe 9 Julai 2012, baadhi ya ambao hawakuwa wamesafisha walibaki bila intaneti.

Usikimbilie kuchoma kitundu cha Reset kwa sindano. Ruta ya faiba mara nyingi ina jina na nywila za PPPoE ulizopewa na kampuni ya intaneti. Zikifutika utakaa bila mtandao hadi upige simu. Zipate kwanza, uziandike.

Yaliyobaki

Kiendelezi chenye ruhusa ya kusoma tovuti zote kiliweza kuona ulichoandika humo. Badilisha nywila za barua pepe na benki kwa kutumia simu, wala usiishie hapo: ingia kwenye ukurasa wa vifaa wa akaunti, utoe vifaa vyote nje, kwa sababu aliyeiba kidakuzi cha kuingilia wakati mwingine haihitaji nywila.

Tumia kompyuta siku tatu. Kazi au sera zikijirudisha tena, au Defender ikitaja Trojan na si adware, acha kufukuzana. Nakili hati, picha na video kwenye diski ya nje, usinakili .exe, .iso wala .zip usizozijua, kisha Settings, System, Recovery, "Reset this PC", "Remove everything". Kwenye Windows 10 Recovery iko chini ya "Update & Security". Windows itauliza "Cloud download" au "Local reinstall". Ya kwanza ni safi zaidi lakini inaweza kula zaidi ya GB 4 za bando. Ya pili inatumia mafaili yaliyomo. Ikiwa diski imefungwa na BitLocker (kufuli la Windows la kusimba diski), pata ufunguo wa kurejesha kwenye akaunti yako ya Microsoft kabla hujagusa kitufe hicho.